Njia nyembamba au njia iliyonyooka? Jibu kwa mwalimu aliyekata alama

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari mkoani Iringa. Katika jaribio la nahau, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliandika "the strait and narrow", nami nikamkata alama, kwa kuwa ninavyojua mimi neno la kwanza ni "straight". Kesho yake akanijia na Biblia ya Kiingereza ya babu yake, akanionyesha neno lile lile alilolitumia. Naomba kujua: nahau hii maana yake hasa ni nini, ilitoka wapi, tahajia ipi ndiyo sahihi, na kwa Kiswahili tuisemeje? Darasani nilisema "njia nyembamba iliyonyooka", lakini niliona wazi kwamba wanafunzi hawakuielewa.

Jibu: Mwalimu, nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa nami limewahi kunipata, tena mbele za watu. Miaka mingi iliyopita niliitwa kufanya ukalimani mkoani Tanga, katika mahafali ya vijana waliomaliza mafunzo ya ufundi, na mgeni rasmi, Mzungu mmoja mpole aliyezungumza polepole, alimaliza hotuba yake kwa kuwasihi vijana wale wabaki kwenye "the straight and narrow". Mkalimani hana muda wa kufikiri, nikatamka, "Mbaki katika njia nyembamba iliyonyooka." Kijana mmoja wa safu ya nyuma akasema, kwa mnong'ono uliosikika ukumbi mzima, "Si njia ya panya hiyo?" Watu wakaangua kicheko. Wengi wa vijana wale walitoka vijiji vilivyo karibu na mpaka wa Horohoro, na kwao njia nyembamba ni ile anayoipita mwenye magendo usiku ili kukwepa ushuru, ilhali mtu wa haki hupita barabara kuu mchana, akasimama forodhani, akalipa. Mgeni alinigeukia akitabasamu, akidhani nimeunogesha utani ambao yeye hakuwa ameutoa.

Kijana yule hakukosea. Katika Kiswahili upana wa njia si dalili ya uovu hata kidogo. Neno "barabara", ambalo asili yake ni Kiajemi na huko lilikuwa na maana ya sawasawa, kwetu limekuwa jina la njia kuu, na papo hapo limekuwa neno la kusifia na kukubali: kazi iliyofanywa barabara ni kazi iliyofanywa ipasavyo, na anayekujibu "Barabara!" amekiri kwamba umesema kweli. Wembamba ndio unaotutia shaka, kwa kuwa tuna njia za panya, tuna mambo ya vichochoroni, na tuna watu wenye mawazo finyu. Unyoofu, kwa upande wake, tunauelewa bila kuelezwa: kuna mtu mnyoofu na kuna maneno yaliyonyooka, na kinyume chake kuna anayekwenda kombo, aliyepinda, aliyepotoka. Kwa hiyo nusu moja ya nahau hii huingia katika Kiswahili bila kubisha hodi, na nusu nyingine hubaki nje ikishangaa. Kosa si la Kiswahili, wala si la tafsiri yako ya darasani. Nusu hizo mbili hazikuzaliwa pamoja hata katika Kiingereza chenyewe, na mwanafunzi wako, pengine bila kujua, ameugusa mshono wenyewe.

Maana ya nahau haina utata mkubwa. Anayesemwa kuwa yuko kwenye "the straight and narrow" anaishi kwa uaminifu, anafuata sheria na maadili, haibi, hadanganyi, wala hajiingizi katika mambo ya aibu. Kisarufi, vivumishi viwili vimesimama peke yake kama nomino, na neno la njia lenyewe, "path" au "way", limeachwa likiwa linaeleweka. Vitenzi vinavyoandamana nayo ni vichache: mtu hushika njia hiyo, hubaki ndani yake, huiacha kwa kuteleza, au mwingine humshikilia asitoke, kama mke anavyosemwa kuwa ndiye anayemweka mumewe "on the straight and narrow".

Hata hivyo, kamusi nyingi hazisemi nahau hii ina harufu gani, na nadhani wanafunzi wa kidato cha tatu wanastahili kuelezwa. Ni nadra kwa Mwingereza kuitumia kwa mtu ambaye hajawahi kushukiwa kwa lolote. Hutumika zaidi kwa mtu ambaye imani ya watu juu yake haijakamilika: aliyetoka gerezani, aliyeacha pombe, kijana aliyewahi kufukuzwa shule. Ndani yake mna dokezo kwamba njia hiyo inachosha na kwamba anayeipita anaweza kuiacha wakati wowote. Ndiyo maana pia huingia katika mizaha, kwa mfano mtu aliyekatazwa sukari na daktari anaposema kwamba alikuwa "on the straight and narrow" wiki nzima mpaka ilipoletwa keki ya harusi. Ukimsifu kasisi au sheikh wa kweli kwa nahau hii, utakuwa umemtusi kidogo.

Sasa asili yake. Chanzo ni Injili ya Mathayo, sura ya 7, aya ya 13 na 14, sehemu ya mwisho mwisho wa Hotuba ya Mlimani. Katika Biblia ya Kiswahili ya 1952, ambayo wengi wetu tulikua nayo, maneno ni haya: "Ingieni kwa kupitia mlango ulio mwembamba, maana mlango ni mpana, na njia ni pana iendayo upotevuni, nao ni wengi waingiao kwa mlango huo. Bali mlango ni mwembamba, na njia imesonga iendayo uzimani, nao waionao ni wachache." Katika Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyochapishwa mwaka 1611 na ambayo bila shaka ndiyo ya babu wa mwanafunzi wako, aya ya 14 inaanza hivi: "Because strait is the gate, and narrow is the way, which leadeth unto life." Watafsiri wa 1611 hawakulibuni neno hilo. William Tyndale alikwisha kulitumia katika Agano Jipya lake la 1526, na kabla yake lilikuwamo katika tafsiri ya karne ya 14 inayohusishwa na John Wycliffe.

Hapa naomba tusimame, kwa sababu siri yote imo katika kugawana kwa maneno. Tazama ni kipi kinachosifiwa kwa neno gani. Mlango ndio ulio "strait". Njia ndiyo iliyo "narrow". Kila kivumishi kina nomino yake, na "strait" hapo maana yake ni finyu, ya kubana, isiyopitika kwa urahisi. Hakuna mtu mwenye akili timamu angefikiri kwamba mlango "umenyooka", kwa kuwa mlango haunyooki wala haupindi kama njia. Maadamu mlango ulikuwa bado umesimama ndani ya sentensi, maana ya neno ilikuwa salama. Lakini nahau zina tabia ya kuwapunguza abiria njiani. Watu walipoyachukua maneno yale kutoka ibadani na kuyatumia katika mazungumzo ya kila siku, waliuacha mlango, wakabaki na njia peke yake, na kivumishi cha mlango wakakitundika kwenye njia. Njia, tofauti na mlango, inaweza kunyooka. Kosa likapata pa kukaa.

Lilisaidiwa na sikio. Katika Kiingereza "strait" na "straight" hutamkwa sawasawa kabisa, na wengi wa waliojifunza aya hii kwa karne nyingi waliisikia ikisomwa, hawakuisoma wenyewe. Isitoshe, tahajia ya Kiingereza haikuwa imetulia, na maneno haya mawili yaliandikwa kwa namna nyingi zilizoingiliana. Baadaye "strait" ilipozidi kufa kama kivumishi cha kawaida, msikilizaji aliyesikia tamko hilo hakuwa na neno lingine la kulifasiria isipokuwa lile analolijua. Sikio halipendi neno lisilo na maana. Hulipa maana iliyo karibu. Sisi tumefanya hivyo hivyo kwa kibao cha barabarani cha Waingereza kilichoandikwa "Keep left": tumekisikia, tukaona kina "ki-" mwanzoni kama kitabu na kisu, tukapata kipilefti kimoja na vipilefti vingi, na leo dereva wa daladala anayezunguka kipilefti hana habari kwamba anatamka amri.

Maneno hayo mawili, pamoja na kufanana kwa sauti, hayana undugu wowote. "Straight" ni neno la Kiingereza cha kale, na kwa asili ni namna ya kitenzi chenye maana ya kuvuta na kutanua, ambacho leo ni "stretch". Kitu kilicho "straight" ni kitu kilichovutwa mpaka kikanyooka. Kwa Kiswahili hili halihitaji maelezo marefu, kwa sababu kitenzi chetu kinabeba mambo yote mawili: unaponyosha mkono unaurefusha na unauondolea mkunjo kwa wakati mmoja. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi, wapeleke mahali nyumba inapojengwa. Fundi mwashi hupigilia vigingi viwili, hufunga uzi kwenye kimoja, huuvuta mpaka kingine na kuukaza hadi ukiupiga kwa kidole unalia, kisha hupanga matofali kwa kuufuata. Uzi huo ndio "straight" katika maana yake ya kwanza kabisa.

"Strait" imepita njia nyingine. Ililetwa Uingereza na Kifaransa cha kale, ambacho kililipata kutoka neno la Kilatini "strictus", lenye maana ya kilichokazwa au kilichobanwa. Ndugu zake wamejaa katika Kiingereza. "Strict" ni yeye yule aliyeingia kwa mlango mwingine, na "stress" ni wa ukoo huo huo. Kama jina, "strait" bado ni hai baharini, ambako huitwa hivyo mkono wa bahari uliobanwa kati ya nchi mbili. Kiswahili nacho huuita mkono huo mlango wa bahari, na Waarabu waliouita mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu Bab el-Mandeb waliona picha hiyo hiyo, maana "bab" ni mlango. Kwa wingi, "straits" ni dhiki, hasa ya fedha. Lipo pia katika "straitjacket", vazi la kumfunga mtu mikono, na katika "strait-laced", nahau nyingine ya maadili inayomhusu mtu mkali wa mila kupita kiasi, ambayo ilianza kama maelezo ya nguo ya kike iliyokazwa kwa kamba kiwiliwilini mpaka anayeivaa apumue kwa shida. Utaona kwamba hayo mawili nayo siku hizi huandikwa na wengi kwa "straight". Ugonjwa ni ule ule.

Je, ni lini hasa watu walianza kuuona unyoofu katika aya ya wembamba? Shahidi ninayempenda ni John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria wa Bedford aliyegeuka mhubiri, akafungwa gerezani miaka 12 kwa kuhubiri bila idhini, na ambaye mwaka 1678 alitoa kitabu cha safari ya Mkristo kuelekea mji wa mbinguni, kitabu kilichotafsiriwa katika lugha nyingi mno, Kiswahili kikiwamo. Humo msafiri anafika kwenye lango, na mlinzi wake anamwonyesha njia nyembamba iliyo mbele, akimwambia kwamba imenyooka kadiri rula inavyoweza kunyosha. Msafiri anauliza kama hakuna njia nyingine zinazoweza kumpoteza. Anajibiwa kwamba zipo nyingi zinazoungana na hii, nazo zimepinda na ni pana, na kwamba ataitambua ile ya haki kwa kuwa ndiyo peke yake iliyonyooka na nyembamba. Hata tukiiacha tahajia, maana haina shaka: kupinda kumewekwa dhidi ya kunyooka, na upana dhidi ya wembamba. Maneno yale mawili ya nahau yanasimama pamoja, ya kwanza yakiwa na maana mpya, na hiyo ni zaidi ya miaka 340 iliyopita. Kwa hiyo anayesema kwamba "straight" ni kosa la watu wa leo wasiosoma anamsingizia mtu wa leo.

Wala Bunyan hakuwa akiota. Alikuwa na sababu ndani ya Biblia yenyewe, ambamo njia ya Mungu inasifiwa kwa unyoofu mahali pengi. Sura nne tu kabla ya aya yetu, katika Mathayo 3, sauti ya mtu aliaye nyikani inataka mapito ya Bwana yanyoshwe, na Biblia ya 1611 ina "make his paths straight", ambayo hii ni "straight" ya kweli, ya uzi wa fundi. Mkristo aliyesikia sura zote mbili alikuwa na njia moja akilini, yenye sifa mbili zenye sauti moja.

Msomaji Mwislamu atakuwa amekwisha kuona kwamba picha ya unyoofu ni yake kila siku, kwa kuwa katika kila rakaa ya sala husomwa Al-Fatiha, na humo mja huomba aongozwe njia iliyonyooka, "as-sirata l-mustaqim". Neno hilo la "sirat" lina kisa kinachonifurahisha kila ninapokisimulia, ingawa ni kisa cha pembeni. Wanaisimu wengi hulifuatisha mpaka Kilatini "strata", barabara iliyotandikwa mawe, na baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kusema zamani kwamba ni neno la Warumi. Al-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, ameinukuu kauli hiyo. Kutoka "strata" hiyo hiyo Kiingereza kimepata "street". Kwa hiyo "sirat" ya Fatiha na "street" ya London ni ndugu, lakini "street" na "straight", ambazo sikio lingeapa kuwa ni pacha, hazihusiani. Wembamba nao haukosekani katika Uislamu. Wengi wa watu wa pwani wamekua wakifundishwa juu ya Sirati, daraja la Siku ya Kiyama lililo jembamba kuliko unywele na kali kuliko upanga. Na Sura ya Al-Balad inazungumzia njia mbili alizoonyeshwa mwanadamu, na kupanda kule kugumu ambako ni kumwacha huru mtumwa na kulisha siku ya njaa.

Picha ya njia mbili, moja rahisi na moja ngumu, ni kongwe kuliko Injili pia. Mshairi Hesiodos wa Ugiriki, takriban miaka 700 kabla ya Kristo, alisema kwamba njia ya uovu ni laini na iko karibu, ilhali ile ya wema ni ndefu, ya mwinuko, na mwanzoni ni ya kuparuza. Shakespeare anamfanya Ophelia amwonye kaka yake asiwe kama wachungaji wanaowaonyesha wengine njia ya miiba ya kwenda mbinguni huku wao wakitembea katika "the primrose path", njia ya maua, ambayo nayo ni nahau ya Kiingereza mpaka leo na ndiyo kinyume halisi cha hii unayoiulizia.

Lakini nirudi kwenye wembamba, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wako walipokwama, na hapo ndipo Kiswahili kina cha kusema kuliko Kiingereza. Maandishi ya Kigiriki ya Mathayo hayatumii sifa moja kwa mlango na njia. Mlango ni "stene", mwembamba. Njia ni "tethlimmene", ambayo si wembamba wa vipimo: ni kitenzi chenye maana ya kubana na kusonga, kilicho katika hali ya kutendwa, njia iliyobanwa. Watafsiri wa Kiingereza waliridhika na "narrow", na picha ikapoa. Watafsiri wetu wa 1952 waliandika "njia imesonga", na kwa maoni yangu wamewashinda wenzao wa 1611 katika aya hii. Nasikitika kwamba matoleo mapya yanayotaka urahisi yamerudi kwenye "nyembamba".

Kutoka kitenzi hicho cha Kigiriki hutoka nomino "thlipsis", nayo ndiyo iliyo katika Yohana 16:33, "Ulimwenguni mnayo dhiki." Neno letu "dhiki" lenyewe limetoka Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni wembamba, ufinyu wa mahali. Kilatini cha Biblia kiliuita mlango ule "angusta", na kutoka ufinyu huo Kiingereza kikapata "anguish", uchungu wa moyo. Nasi tukitaka kutaja kile ambacho Mwingereza anakiita "stress" tunasema msongo wa mawazo, kutoka kusonga kule kule. Lugha nne au tano, ambazo hazikukaa kikao, zimeona kwamba mtu mwenye taabu ni mtu aliyebanwa mahali pasipomtosha. Hiyo ndiyo "narrow" ya nahau hii. Haizungumzii njia ya uchochoroni wala ya panya. Inazungumzia njia inayokubana mabega, ambayo huwezi kuipita na mizigo yako yote. Waeleze hivyo, nadhani kidato cha tatu kitaelewa.

Katika tafsiri, basi, sishauri "njia nyembamba iliyonyooka", ambayo ni Kiingereza kilichovaa kanga. Mbele ya wasikilizaji wanaoijua Biblia, kama kanisani, "njia nyembamba" inatosha peke yake, kwa kuwa watakumbuka aya. Kwingineko tazama anayesema ni nani na anamsema nani. Sentensi "Since he left prison he has kept to the straight and narrow" kwa Kiswahili cha watu ni "Tangu atoke gerezani ametulia", na ukitaka uzito zaidi, "ameshika njia iliyonyooka". Mzazi anayemwasa mtoto anayekwenda mjini humwambia asiende kombo. Yule wa keki ya harusi alikuwa amejikaza, au amejibana, wiki nzima, na hapo utaona kwamba Kiswahili, bila kukusudia, kimeirudisha ile "strait" ya kale iliyopotea. Kinyume chake, "stray from the straight and narrow", ni kupotoka au kukengeuka. Ninapokumbuka mahafali yale ya Tanga, natamani ningesema tu, "Msipinde."

Imebaki alama ya mtoto. Tahajia ya kawaida leo ni "straight", na mtihani wa taifa ukiiuliza, hiyo ndiyo ya kuandika. Lakini kamusi kubwa za Kiingereza zinaitambua "strait and narrow" kama namna nyingine ya nahau hiyo hiyo, na anayeinukuu Biblia ya 1611 hana ruhusa ya kuandika vinginevyo. Mrudishie alama yake. Kisha mwombe aje na ile Biblia ya babu darasani, awasomee wenzake kwa sauti Mathayo 3:3 na Mathayo 7:14 bila kuwaonyesha maandishi, na kila mmoja aandike katika daftari lake neno analodhani amelisikia.